Naisikia ripita vizuri, yenyewe hainisikii. Nakosea wapi?

#1 Mtega Masikio
Habari wakuu. Leseni ya redio ya ridhaa nimeipata wiki iliyopita, kolsaini (jina langu la hewani) ninayo, redio ni Baofeng UV-5R, antena ni ile ile fupi ya mpira iliyokuja nayo kwenye boksi. Ripita ninayoitaka (ule mtambo unaopokea sauti na kuirusha upya) inatoka megahezi 145.600, ofseti, yaani tofauti ya masafa ya kuirushia, ni kutoa kilohezi 600, toni ya kuifungulia 103.5. Nawasikia watu wakipiga soga kutwa nzima, sauti safi kama wamekaa sebuleni kwangu. Nikibonyeza nami niseme, kimya. Hakuna anayejibu. Nimefuta na kuingiza upya mara tano, kidole kinauma. Nakosea wapi?

#2 Chaji Kidogo
Naweka kiti mbele. Tatizo langu ni hili hili tangu mwaka jana, nikadhani wenyeji wamenichunia tu.

#3 Kimulimuli
Toni, mkuu. Kila anayekuja na swali hili, mwisho wake ni toni. UV-5R ina sehemu mbili: menyu namba 11 ni toni ya kupokea, namba 13 ni toni ya kurusha. Wageni wanaiweka 11 halafu wanashangaa. Ripita bila toni yake haifunguki hata ukipiga kelele mpaka sauti ikauke. Weka 13, rudi hapa utushukuru.

#4 Bibi Antena
Kimulimuli, punguza mbio. Angekuwa ameiweka 11 peke yake na ripita hairudishi toni, asingesikia kitu, spika ingebaki imefungwa. Yeye anasema anasikia kutwa. Kwa hiyo ama 11 iko tupu, ama ripita nayo inarusha toni hiyo hiyo.

Mtega Masikio, tuambie 11 ina nini na 13 ina nini. Na jambo la pili, ambalo naona limerukwa: umejuaje kwamba haikusikii?

#5 Mtega Masikio
Bibi, 11 na 13 zote ni 103.5. Kuhusu kujua: ndugu yangu ana redio kama hii, naiazima, naiweka mezani kwenye 145.600, halafu nabonyeza ya kwangu na kusema. Sauti yangu haitokei kwenye ile nyingine. Ndiyo nikajua.

#6 Fundi Waya
Hahaha! Kijana, umeiziba masikio redio ya ndugu yako halafu unailaumu kuwa haisikii.

Iko hivi. Unaporusha wati 4 ukiwa umbali wa mkono mmoja, ile redio ya pili inazidiwa. Haijalishi kwamba wewe unarusha 145.000 na yenyewe inasikiliza 145.600. Kilohezi 600 ni karibu mno kwa redio ndogo isiyo na kichujio cha maana. Ni sawa na kumnong'oneza mtu wakati mwingine anampigia tarumbeta sikioni. Ripita inaweza kuwa ilikuwa inakurudisha muda wote huo, na ile redio imekufa ganzi tu. Mpe ndugu yako redio, mwambie aondoke nayo atembee mbali, nyumba kadhaa zikae katikati. Au achana naye kabisa: bonyeza, sema kolsaini, achia, sikiliza mkia.

#7 Chaji Kidogo
Mkia ndiyo nini?

#8 Fundi Waya
Ukiachia kitufe, ripita haizimiki papo hapo. Inaendelea kurusha kitambo kidogo bila sauti ya mtu, nyingine zinatia mlio mfupi, kisha inakata na unasikia "kshh". Huo ndio mkia. Ukiusikia baada ya kuachia, ujue mlango umefunguka. Usipousikia, ulikuwa unaongea na ukuta.

#9 Mtega Masikio
Basi mkia sijawahi kuusikia. Labda mara moja, jana, ila palikuwa na watu wanaongea, inaweza kuwa ulikuwa wao.

#10 Pweza Mpole
Angalia ofseti kwa makini kabla hujaenda popote. Mimi wiki mbili nzima niliingiza 06.000 kwenye menyu namba 26 nikidhani ndiyo kilohezi 600. Ni megahezi 6 hiyo! Inatakiwa isomeke 00.600. Nilikuwa narusha 139.600, nje kabisa ya masafa ya ridhaa, na redio haikulalamika hata kidogo kwa sababu inakubali kuanzia 136 hadi 174. Nilipogundua nilizima redio nikaketi kimya, nikisubiri mlango ugongwe.

#11 Kimulimuli
Pweza ulikuwa unawahutubia akina nani huko 😂

#12 Pweza Mpole
Sijui, na sitaki kujua.

#13 Sauti ya Pili
Na menyu 25, mwelekeo. Kutoa au kujumlisha. Ukiweka kujumlisha kwenye hiyo unarusha 146.200. Kwa nchi za Kanda ya 1, yaani Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati, masafa ya ridhaa ya mita 2, haya yanayoanzia 144, yanaishia 146, kwa hiyo hapo napo umetoka nje ya uwanja. Sehemu nyingine za dunia yanafika 148.

#14 Bibi Antena
Namba mnazomrundikia zote anaweza kuzikagua kwa jicho moja. Mtega Masikio, chomoa antena... hapana, natania, USICHOMOE ANTENA, utaunguza redio. Angalia kioo. Kikiwa kinaonyesha 145.600, bonyeza kitufe cha kusemea sekunde moja tu, hakikisha hakuna anayeongea, taja kolsaini yako uwe umetii sheria, na uangalie namba. Zinatakiwa zigeuke 145.000. Ukiachia zirudi 145.600. Zikigeuka, ofseti na mwelekeo viko sawa, hapo tutaenda kwenye mengine.

#15 Mtega Masikio
Nimefanya. Sasa mambo yamekuwa ya ajabu. Nikiwa kwenye hali ya kuandika masafa mwenyewe, inageuka 145.000 kama ulivyosema. Nikienda kwenye chaneli niliyohifadhi, chaneli namba 1, nikabonyeza, inabaki 145.600 vile vile. Na mimi karibu muda wote nimekuwa natumia chaneli, isipokuwa kwenye lile jaribio la redio ya ndugu yangu.

#16 Fundi Waya
Haya, uzi ufungwe. Hukuhifadhi masafa ya kurusha. Chaneli ya UV-5R ukiiingiza kwa vitufe unaihifadhi mara mbili. Utaratibu ninaoutumia mimi:

Futa kwanza chaneli kwa menyu 28, maana haikubali kuandikwa juu ya nyingine. Hakikisha uko mstari wa juu, A, siyo B. Andika 145.600, weka ofseti, mwelekeo na toni. Ingia menyu 27, chagua namba ya chaneli, thibitisha, yule dada wa ndani ya redio atatangaza kwamba amehifadhi ya kupokea. Toka. Gusa kitufe cha nyota mara moja ili redio ijigeuze ionyeshe 145.000. Rudi menyu 27, namba ile ile ya chaneli, thibitisha. Safari hii atatangaza amehifadhi ya kurusha. Gusa nyota tena urudi ulikokuwa.

Mara ya pili hiyo ndiyo watu wote wanairuka.

#17 Sauti ya Pili
Uzi usifungwe bado. Mimi huwa nahifadhi mara moja tu, ofseti ikiwa imeshawekwa, na inafanya kazi. Inategemea redio imetoka na programu ya ndani ipi.

#18 Fundi Waya
Nimepitisha mikononi redio hizi siyo chini ya kumi. Zote mara mbili.

#19 Sauti ya Pili
Na mimi ninazo tatu. Zote mara moja. Sasa tufanyeje, tupigane?

#20 Bibi Antena
Mara mbili haimdhuru yule ambaye mara moja ilimtosha. Endeleeni.

#21 Nusu Wati
Mbona mnajitesa na vitufe? Waya wa kompyuta na programu ya CHIRP, ni ya bure. Unaona chaneli zako zote kama jedwali, unajaza, unarusha kwenye redio, kwisha. Redio ya kwanza niliingiza kwa vidole jioni nzima. Ya pili dakika kumi.

#22 Pweza Mpole
CHIRP nayo ina mtego wake. Kuna safu mbili za toni na safu ya tatu inayosema toni itumikeje. Ukichagua hali ya toni ya kurusha peke yake, inasoma safu ya kwanza, ambayo ikiachwa inakaa 88.5. Mtu anaandika 103.5 yake kwenye safu ya pili, anaiona kwa macho yake imekaa pale kwenye jedwali, anaapa ameiweka, kumbe redio inarusha 88.5. Nimemsaidia rafiki mmoja tatizo hilo kwa simu, tulikaribia kuachana urafiki.

#23 Chaji Kidogo
Mimi waya niliununua, kompyuta inasema haiutambui kabisa.

#24 Nusu Wati
Chipu ya kwenye waya, hiyo. Nyingi ni za kunakili, na programu-endeshi mpya inazikataa. Tafuta ile ya zamani uiweke, au chukua waya wenye chipu nyingine. Na sukuma plagi hadi ndani kabisa, uisikie inalia "tak". Ganda la redio huwa linazuia isiingie milimita ya mwisho, watu wanalaumu kompyuta bure.

#25 Mwenda Kimya
Samahani naingilia. Mimi nina zile redio ndogo za PMR446 za kununua mbili mbili. Naweza kuingia ripita ya huyu mleta uzi?

#26 Sauti ya Pili
Hapana mkuu. Hizo ni nusu wati, ziko megahezi 446, antena haichomoki na ripita haziruhusiwi humo. Ni redio kwa redio basi. Wenzetu wa Marekani wana GMRS, aina yao ya redio za watu wa kawaida, ile ripita wanaruhusiwa, inatoka 462 na kuingilia 467. Ila nayo wanaikatia leseni.

#27 Mwenda Kimya
Na nikinunua hiyo ya mleta uzi, lazima leseni? Toni si ndiyo nywila? Ukiijua umeingia.

#28 Mzee wa Mawimbi
Nimekuwa nasoma kimya, ila hapa nimeshindwa kuvumilia. Toni siyo nywila, kijana. Ni mlio mzito wa chini unaosafiri pamoja na sauti yako, kati ya hezi 67 na 254.1, na spika ya anayekusikiliza huchujwa asiusikie. Kazi yake ni kuiambia ripita "huyu ni wa kwangu, siyo kelele za mashine wala mtu wa ripita ya mbali". Haifichi maneno. Yeyote mwenye redio anakusikia. Kampuni moja iliuita jina hili, nyingine jina lile, wauzaji wa redio za dukani wakauita kodi za faragha, na hilo la mwisho ndilo limewapotosha wengi. Faragha hakuna.

Leseni ni lazima kwa kurusha, kila nchi ina mamlaka yake. Kusikiliza ni jambo jingine, nako soma sheria za ulipo.

#29 Mwenda Kimya
Nimekuelewa mzee. Shikamoo.

#30 Mzee wa Mawimbi
Marahaba. Nikirudi kwa mleta uzi: nyote mmeangalia redio, hakuna aliyeangalia alipokaa. Kusikia na kusikika ni vitu viwili. Ripita pengine inarusha wati 50 kwenye antena ndefu iliyo juu ya mlima. Yeye anarusha 4 kwenye kijiti cha mpira, ndani ya nyumba, pembeni ya mwili wake. Mara 12 na ushee hiyo, desibeli 11. Anaweza kuisikia safi kabisa na yenyewe isimpate kamwe, na menyu zake zote zikawa sahihi.

Hesabu ya kichwani: chukua urefu wa antena kutoka chini kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12. Unapata kilomita za upeo wa redio. Wewe umesimama na redio mita 1.5, unapata kilomita 5. Ripita iko mita 100 juu, kilomita 41. Jumlisha, 46. Hapo ni kama hakuna kilima wala jengo katikati. Weka jengo, hesabu imeharibika.

#31 Fundi Waya
Mzee, shikamoo, ila ripita nayo ina sikio kali kuliko kile kijiti. Antena ile ile ndefu ndiyo inayosikiliza. Chaneli yake ilikuwa hairushi 145.000, tumeshaona kwenye #15. Hata angepanda juu ya mlingoti asingefungua.

#32 Mzee wa Mawimbi
Marahaba. Antena ndefu inafaidisha pande zote mbili sawasawa, kwa hiyo haifuti zile desibeli 11. Na ile ya kwenye #15 alikuwa nayo sahihi katika hali ya kuandika masafa. Aliwahi kujaribu hapo? Muulize.

#33 Mtega Masikio
Nilijaribu ndiyo, mara mbili tatu, mkia haukuja. Nilikuwa jikoni, redio imelala mezani.

#34 Mzee wa Mawimbi
Imelala mezani. Nimemaliza.

#35 Bibi Antena
Redio isilale jamani! Antena ya ripita imesimama wima, na wewe simamisha yako wima. Ukiilaza unapoteza sehemu kubwa ya nguvu bure.

Na kwa wenye kijiti cha mpira, fanyeni hivi, mimi nimefanya kwa miaka. Waya mwembamba wa sentimita 49, robo ya wimbi kwa mita 2. Ncha moja menya, izungushe chini ya antena ishike ule mviringo wa chuma wa nje, isiguse pini ya katikati. Waya ubaki unaning'inia chini kama mkia wa panya. Antena ya mkononi inahitaji nusu yake ya pili, na mkono wako ndiyo inayotumia sasa, kazi mbovu. Siku ya kwanza nilipouning'iniza, ripita iliyokuwa inanikatakata ikanishika nikiwa nimekaa kitini pale pale.

#36 Kimulimuli
Uzi bila picha. Bibi tuonyeshe huo mkia wa panya.

#37 Bibi Antena
Ni waya. Unaning'inia. Umeshauona.

#38 Wimbi Fupi
Kuna kitu hakijatajwa: TDR, menyu namba 7. Ikiwa imewashwa redio inasikiliza mistari yote miwili, A na B. Mtu akiongea kwenye B, ukabonyeza muda huo huo, unarusha kwenye B! Unadhani uko ripita kumbe unamjibu jirani. Izime mpaka uzoee. Au weka menyu 34 ikae A daima.

#39 Chaji Kidogo
SASA HIYO NDIYO YANGU. Mstari wa B nimeweka chaneli ya wapanda milima, inaongea kila saa. Mwaka mzima!!

#40 Kimulimuli
Umekuwa unawasalimia wapanda milima mwaka mzima kwa kolsaini. Waungwana, hawakukufukuza.

#41 Chaji Kidogo
Kumbe ndiyo maana kuna siku mtu aliniuliza "wewe uko kilele gani".

#42 Sauti ya Pili
😂😂😂 nimeshindwa

#43 Mpita Anga
Mimi nakuja na lingine. Una uhakika unaisikia ripita hiyo hiyo? Masafa ya kutokea hugawiwa tena ripita nyingine iliyo mbali, ndiyo maana toni zinatofautiana. Hewa ikiwa na tabaka la joto juu ya baridi, mawimbi yanabebwa mamia ya kilomita. Niliwahi kuisikia moja asubuhi nzima, nikahangaika na toni ya orodha ya kwetu, kumbe wanaoongea walikuwa ng'ambo ya bahari. Saa nne jua lilipokolea wakapotea kama hawakuwahi kuwepo.

#44 Bibi Antena
Lakini toni yake ya kupokea, menyu 11, imewekwa 103.5. Ingekuwa ripita nyingine yenye toni nyingine spika isingefunguka.

#45 Mpita Anga
Isipokuwa na hiyo ya mbali nayo ni 103.5. Au aliiweka 11 juzi na kuwasikia ni kwa wiki iliyopita. Nasema tu.

#46 Kimulimuli
Mpita Anga umekuja kuongeza maji kwenye mtumbwi unaovuja. Ila kwa kuwa umetaja mbali, watu wajue kuna ripita inayozunguka dunia. Kituo cha Anga cha Kimataifa, unarusha 145.990 na toni ya 67.0, unasikiliza 437.800. Ipo umbali wa kama kilomita 400 juu, inapita kichwani kwa dakika kumi hivi, na UV-5R inaisikia.

#47 Mpita Anga
Inaisikia, sawa. Kuifungua ni mambo mengine. Kwa kasi ile masafa ya kupokea yanahama, inakuja juu kama kilohezi 10 na kuondoka chini kama kilohezi 10, kwa hiyo unaandaa chaneli tano na kuzihama moja moja inavyopita. Na pale juu watu ni wengi, wote wanabonyeza kwa pamoja. Antena ya mpira haitoshi, tengeneza ya kuelekeza. Mimi nimefanikiwa mara moja: nilisema kolsaini, mtu akairudia nusu, kituo kikazama nyuma ya miti. Nilitetemeka mikono siku nzima.

#48 Nusu Wati
Mleta uzi hajafungua ripita ya mtaani, ninyi mko angani.

#49 Wimbi Fupi
Bado kuna uwezekano ripita ni ya kidijitali. Siku hizi kuna DMR, D-STAR, C4FM. Redio ya analogi haizifungui hata ukiweka toni zote 50.

#50 Sauti ya Pili
Ingekuwa ya kidijitali angesikia mlio wa nyuki, siyo watu wanapiga soga. Soma #1.

#51 Wimbi Fupi
Kuna zinazofanya yote mawili.

#52 Sauti ya Pili
Kama zinafanya yote mawili basi analogi inafungua, tumerudi palepale.

#53 Mwenda Kimya
Swali la mgeni tena. Kwa nini masafa mawili? Si wangetumia moja tu watu wakapumzika.

#54 Fundi Waya
Kwa sababu inapokea na kurusha kwa wakati mmoja. Ikitumia masafa mamoja itajisikia yenyewe na kuziba. Hata kwa kilohezi 600 ni shida: antena moja, kwenye kitu kimoja kuna makumi ya wati yanatoka na hapo hapo inatafuta ishara yako dhaifu. Wanaweka vichujio vya mapipa ya chuma marefu, kila pipa limesawazishwa kwa skrubu. Kwenye masafa ya sentimita 70, megahezi 430 hivi, wimbi ni fupi na nafasi ni kubwa zaidi, ndiyo maana mapipa yake ni madogo. Na huko ofseti inatofautiana nchi kwa nchi: Marekani ni megahezi 5, Ujerumani 7.6. Usinakili ya mtu wa mtandaoni.

#55 Mwenda Kimya
Shukrani mkuu. Naanza kusomea huo mtihani.

#56 Mtega Masikio
Nimerudi na ripoti. Leo nimefuta chaneli, nimehifadhi mara mbili kama alivyosema Fundi, dada wa redio ametangaza yote mawili. TDR nimezima. Toni ya menyu 11 nimeiondoa. Nimefunga waya wa sentimita 49. Nimeongeza nguvu, ilikuwa kwenye ya chini. Nikapanda hadi ngazi za juu za nyumba, redio wima. Nikabonyeza, nikasema kolsaini, nikaachia.

Kshh.

Wakuu, nimekaa pale kwenye ngazi nacheka mwenyewe.

#57 Fundi Waya
Mara mbili! Nilisema mimi.

#58 Mzee wa Mawimbi
Ngazi za juu. Asante.

#59 Nusu Wati
Nguvu ilikuwa ya chini, wati 1, na mmeongea namba hamsini bila kumuuliza hilo.

#60 Bibi Antena
Hongera mwanangu! Lakini umebadilisha vitu sita kwa mpigo, sasa hatutajua ni kipi. Fanya kwa zamu: ondoa waya, jaribu. Rudisha. Shuka jikoni, jaribu. Kimoja kimoja.

#61 Mtega Masikio
Nimejaribu, Bibi. Kwenye ngazi bila waya: inafungua. Jikoni na waya: inafungua mara moja kati ya tatu. Jikoni kwa nguvu ya chini, redio imesimama wima: imefungua pia, mara moja. Ngazini kwa nguvu ya chini: haikufungua. Sielewi.

#62 Mzee wa Mawimbi
Nyumbani mawimbi yanarukaruka kwenye kuta. Sogea nusu mita kila upande, kuna sehemu yanajumlishana na sehemu yanauana. Jikoni siyo mahali pamoja.

#63 Kimulimuli
Au toni yake ni dhaifu, iko ukingoni. Mimi bado naamini toni.

#64 Sauti ya Pili
Hajaacha tu huyu.

#65 Pweza Mpole
Umeongea na mtu lakini? Kufungua na kuachia kila saa siyo uungwana, wenyeji wanasikia "kshh, kshh" wanakereka. Sema kolsaini na useme unasikiliza, subiri. CQ ndefu, ule wito wa kumwita yeyote, siyo desturi ya ripita. Na ukipata mtu acha pengo kabla ya kubonyeza, mwenye dharura apate pa kuingilia, usiongee mpaka saa ya ripita ikukate. Nyingi hukata kwa dakika 3 hivi.

#66 Mtega Masikio
Nimeongea! Jioni hii, mzee mmoja mpole sana amenijibu. Akanikaribisha. Halafu akasema: "Mtambo unaufungua vizuri, hauna kelele, ila sauti yako iko chini mno, kama unaongelea chumba cha pili."

#67 Nusu Wati
Menyu namba 5. Uko nyembamba, ripita iko pana. Nyembamba inasukuma nusu tu ya sauti, mtikisiko wa kilohezi 2.5 badala ya 5.

#68 Wimbi Fupi
Au unaongea mbali. Maikrofoni ni katundu kadogo karibu na spika, siyo kwenye spika yenyewe. Vidole viwili kutoka mdomoni.

#69 Bibi Antena
Au umekifunika na kidole. Mimi nilifanya hivyo mwezi mzima.

#70 Mzee wa Mawimbi
Kama hauna kelele basi siyo umbali. Nakubali hilo, mara moja tu.

#71 Mtega Masikio
Menyu 5 ilikuwa nyembamba, nimeweka pana. Na nimeangalia kidole, kweli kilikuwa karibu na katundu, Bibi. Nikamwita tena yule mzee anipime. Nimefika nusu ya kolsaini, redio ikalia "pi pi" ikazima. Betri. Nimeichomeka, taa ni nyekundu.

#72 Chaji Kidogo
Karibu chamani.